Safari ya Kutafuta Injini ya Massey Ferguson 35

Jumapili: maandalizi

Trekta ninayoifufua ni Massey Ferguson 35 ya mwaka 1961, yenye injini ya dizeli ya Perkins A3.152 ya silinda tatu. Injini hiyo haifufuki tena. Konrodi ya silinda ya tatu, yaani mkono unaounganisha pistoni na krenki (shafti kuu ya injini), ilikatika trekta ikiwa kazini kwa mmiliki wa zamani, ikapiga ubavu wa bloku (mwili wa injini) kutokea ndani na kuacha tundu ambalo ngumi ya mtu mzima inapita bila kugusa kingo. Chuma cha kusubu huweza kuchomelewa kikashika iwapo ufa uko kwenye ukuta wa maji tu, mahali pasipobeba mzigo, lakini tundu hili limekula mpaka kwenye ubavu unaoshikilia beringi kuu ya krenki, na fundi wangu, mtu asiye na tabia ya kukata tamaa mbele ya chuma, alilimulika kwa tochi, akapitisha kidole kuzunguka kingo zake, kisha akasema, "Kaka, hapa tutafute bloku nyingine."

Vilivyosalia ni vingi kuliko vilivyokufa. Silinda hedi, kifuniko cha juu cha silinda, imepimwa na haina ufa, pampu ya dizeli inasukuma vizuri, na sampu (beseni la oili chini ya injini), flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya krenki), bamba la nyuma, stata na manifoldi viko kamili. Kwa hiyo ninachokwenda kutafuta ni bloku yenye krenki yake, ya ukoo ule ule, hata kama haijawaka kwa miaka mingi. Nimejiwekea msimamo kwamba injini iliyolala yenye nasaba sahihi inanifaa kuliko injini inayonguruma isiyo ya trekta hii, na sababu ya msimamo huo iko katika namna matrekta haya yalivyoundwa.

Lori lina fremu, na injini imewekwa juu ya fremu hiyo. Ukipata injini inayoenea chini ya boneti, fundi mzuri atatengeneza vishikizo na gari litatembea. Trekta hii haina fremu hata kidogo. Ekseli ya mbele imefungwa kwenye kitako kilichofungwa usoni mwa injini, mgongo wa injini umefungwa kwenye hausingi ya klachi, na kati ya vitu hivyo viwili hakuna chuma kingine kinachobeba uzito isipokuwa bloku na sampu. Ukiiondoa injini, trekta inakuwa vipande viwili. Mtindo huo ulienezwa na Fordson ya Henry Ford mwaka 1917, na Harry Ferguson aliufuata katika TE20, ambayo ilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956 na kuzidi trekta laki tano. 35 ndiyo iliyoirithi TE20, pamoja na mwili huo usio na fremu. Ndiyo maana tundu moja la boliti lililokaa milimita chache pembeni linaweza kuifanya injini nzuri kabisa isiwe na maana kwangu.

Nimefungasha gasketi ya zamani ya sampu, ambayo nimeinyoosha na kuibandika juu ya ubao mwembamba ili isichanike, na karatasi ngumu niliyoichora matundu yote ya mgongo wa bloku kwa kuigonga taratibu kwa nyundo ndogo juu ya bloku iliyokufa, hadi kingo za matundu zikajichora zenyewe. Vingine ni tochi, brashi ya waya, sumaku ndogo, kioo chenye mkono mrefu, kipimo cha vernia, soketi inayotosha nati ya puli ya krenki pamoja na mpini wake mrefu, na galoni ya dizeli ya kuoshea namba za injini zilizozikwa na grisi.

Jumatatu

Mwenye yadi ya kwanza alikuwa amesema kwa simu kwamba anayo injini ya 35, na hakudanganya. Tatizo ni kwamba zipo 35 za aina zaidi ya moja. Nilipofunua turubai nilihesabu nozeli (vinyunyizio vya dizeli, kimoja kwa kila silinda) nne badala ya tatu, na kabla hata ya kusafisha namba nikajua kwamba ninaitazama Standard 23C.

Trekta hii ilipotoka mwaka 1956, ikiwa bado inaitwa Ferguson na kupakwa rangi ya kijivu na shaba, toleo lake la dizeli lilifungwa injini hiyo ya kampuni ya Standard, yenye silinda nne na ujazo wa karibu lita 2.26. Rangi nyekundu na jina la Massey Ferguson vilikuja mwishoni mwa 1957, lakini injini ilibaki ile ile, ikiwa na sifa yake mbaya ya kugoma kuwaka wakati wa baridi. Mwaka 1959 Massey Ferguson iliinunua Perkins ya Peterborough, na kuelekea mwisho wa mwaka huo 35 zikaanza kutoka kiwandani na Perkins ya silinda tatu, ambayo licha ya upungufu huo wa silinda ina ujazo mkubwa zaidi, lita 2.5, kwa sababu kipenyo cha kila silinda ni milimita 91.44 na mwendo wa pistoni ni milimita 127.

Kwa nje mtu angesema kwamba injini ya Standard itafunga tu, maana iliwahi kukaa kwenye trekta ya jina hilo hilo, lakini ndani yake kila kitu ni kingine. Slivu zake, mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, ni za maji, yaani maji ya rejeta yanazigusa moja kwa moja, na chini zimezibwa kwa gasketi zenye umbo la tarakimu nane ambazo zikichoka huachia maji yaingie kwenye oili. Za Perkins ni slivu kavu zilizosukumwa ndani ya chuma cha bloku. Hedi yangu, pampu yangu na flaiwili yangu visingepata pa kukaa. Ningenunua injini, halafu ningelazimika kununua kila kilicho mbele na nyuma yake.

Nilimwomba mwenye yadi asiikate kuwa chuma chakavu. Anayefufua trekta ya kijivu na shaba ya 1957 atakuwa anaitafuta hiyo hiyo, na kuifunga Perkins trekta ya namna hiyo, jambo ambalo wakulima wengi walilifanya zamani kwa sababu ya kuwaka kwa urahisi, ni kuiondolea alama ya umri wake. Alinisikiliza kwa adabu, akarudisha turubai.

Jumanne

Injini ya leo ilinijaribu. Ilikuwa imefungwa kwenye jenereta ndani ya ghala, ni Perkins ya silinda tatu ya ukoo wa 3.152 bila shaka yoyote, na mwenyewe aliiwasha kabla sijamaliza kumsalimia. Ilishika mara moja, ikatoa moshi mweupe kidogo wa ubaridi ambao ulikatika baada ya muda mfupi, kisha ikatulia katika mlio wake ule wa silinda tatu ambao aliyewahi kulima na trekta hizi anautambua kutoka mbali. Niliufungua mfuniko wa oili ikiwa inazunguka, nikaweka kiganja juu ya tundu: pumzi ilikuwa ndogo na mkono ulibaki karibu mkavu, ishara kwamba ringi bado zinaziba. Kwa mnunuzi wa jenereta, mazungumzo yangeishia hapo na pesa ingehesabiwa.

Nikapiga magoti kutazama chini. Sampu ilikuwa ya bati lililofinyangwa, nyembamba, ya kushika oili tu. Katika trekta, sampu ni chuma kizito cha kusubu chenye kuta nene, na inabeba mzigo: inasaidiana na bloku kushikilia ekseli mbele na hausingi ya klachi nyuma, na ndiyo inayoizuia trekta isijipinde tumboni pale gurudumu moja la mbele linapopanda tuta. Injini ya jenereta haibebi chochote zaidi ya uzito wake. Flaiwili yake na hausingi ya nyuma ni za kuunganisha jenereta, na gavana (kidhibiti mwendo) ya pampu yake imewekwa ishike mizunguko 1,500 kwa dakika bila kuyumba, kwa kuwa jenereta ya aina hiyo inatoa umeme wa hezi 50 kwa mwendo huo pekee, ilhali trekta inahitaji kupanda na kushuka kwa mkono wa dereva kutoka mlio wa kupumzika hadi mizunguko 2,000 na kuendelea.

Hayo yote yana dawa, kwa kuwa nina sampu yangu, flaiwili yangu na pampu yangu. Lililobaki ni swali moja: je, uso wa chini wa bloku hii na mgongo wake vimetobolewa matundu yote ambayo sampu ya chuma na bamba la trekta vinahitaji, na bomba la kuvutia oili litakaa katika sampu yenye umbo jingine? Bloku za ukoo mmoja hutoka katika kalibu moja lakini haimaanishi kwamba zote hutobolewa sawasawa. Kiwanda hutoboa kile ambacho mteja wa injini hiyo anahitaji. Jibu lilikuwa umbali wa boliti chache tu, kwa kuishusha sampu ya bati na kuweka ubao wangu wa gasketi mahali pake.

Mwenyewe alikataa isifunguliwe. Kwa maoni yake injini inayowaka haifunguliwi, na anayetaka kuifungua ainunue kwanza. Sikumlaumu, kwani gasketi ikishavunjwa na mnunuzi akaondoka, yeye ndiye anayebaki na injini inayovuja. Nami sikuweza kununua matundu nisiyoyaona. Tuliagana vizuri, nikaandika namba yake chini ya kichwa cha habari "ikishindikana kwingine".

Jumatano

Mvua ilinyesha asubuhi nzima na barabara ya vumbi ikawa ya utelezi, kwa hiyo siku imepita garini. Njiani nilipokea picha za injini iliyotoka kwenye IMT, trekta za Yugoslavia zilizotengenezwa kwa leseni ya Massey Ferguson, ambazo injini zake za ukoo wa Perkins zilitengenezwa Rakovica, Belgrade, nazo kwa leseni. Lilikuwa wazo zuri. Picha zilionyesha mbele, juu na upande wa pampu, na baada ya kuomba mara kadhaa nikapata ya upande wa pili, ambako mstari wa gundi ya chuma uliopakwa rangi juu yake ulianza chini ya manifoldi ukaishia karibu na plagi ya maji. Nilishukuru, nikaendelea na safari.

Alhamisi

Mkulima niliyefikia leo ana Massey Ferguson 135 iliyolala bandani tangu hausingi ya ekseli ya nyuma ilipopasuka. Modeli ya 135 ndiyo iliyochukua nafasi ya 35 kuanzia mwisho wa 1964, na injini yake, AD3.152, ni mdogo wake wa damu: kipenyo kile kile, mwendo wa pistoni ule ule, na muhimu kuliko yote, ilitengenezwa kubeba trekta isiyo na fremu, ikiwa na sampu ya chuma na mgongo wa kupokea hausingi ya klachi ya aina hiyo hiyo. Mafundi wamekuwa wakihamisha injini za 135 kwenda kwenye 35 za silinda tatu kwa miaka mingi.

"Ilizimwa ikiwa nzima, mwanangu," mzee aliniambia. "Haikufa. Tuliizima."

"Nakuamini, mzee, lakini niruhusu niizungushe kwa mkono."

Niliosha kwa dizeli sehemu ya bloku iliyo nyuma ya pampu, nikasugua kwa brashi hadi namba ikajitokeza. Namba za Perkins za kipindi hicho zina mpangilio unaosomeka: herufi mbili za mwanzo zinataja aina ya injini, na ya kwanza kati yake ikiwa C basi injini ni ya ukoo wa 3.152, zinafuata tarakimu za orodha ya vipuri, kisha U kwa iliyotengenezwa Uingereza, kisha namba ya mfululizo, na mwishoni herufi ya mwaka, ambapo A ni 1974. Hii ilianza na C na kuishia na A. Bamba la pembeni linaweza kuhamishwa kutoka injini moja hadi nyingine kwa skrubu mbili, lakini namba iliyogongwa kwenye bloku haihami, na mnunuzi anayesoma bamba tu amesoma nusu ya habari.

Kisha nikaweka soketi kwenye nati ya puli ya krenki. Krenki ilikwenda kama robo ya mzunguko, ikagonga kitu kigumu, ikarudi, ikagonga tena upande wa pili. Mzee aliangalia pembeni. Tulitoa nozeli zote tatu na kifuniko cha valvu, na kwa kioo na tochi tukaona kilichotokea: bomba la kuingizia hewa lilikuwa limeachwa wazi, injini ilisimama valvu ya hewa ya silinda ya pili ikiwa imefunguka, na unyevu ukapata njia ya kushuka mpaka kwenye ukuta wa slivu. Silinda ya kwanza na ya tatu ziling'aa kwa mafuta ya zamani. Ya pili ilikuwa na kutu ya rangi ya chungwa upande mmoja, juu ya pistoni.

Kutu kwenye slivu kavu haikunitia hofu, kwa sababu slivu hung'olewa ikawekwa nyingine. Kinachoogopesha ni mtu mwenye mpini mrefu na haraka, anayevunja ringi au kupinda konrodi ili tu aone krenki ikizunguka siku hiyo hiyo. Nilimimina mchanganyiko wa dizeli na oili ya giaboksi ya otomatiki katika kila silinda kupitia matundu ya nozeli, tukayaziba kwa vitambaa, na mzee akanipa nafasi ya kulala.

Ijumaa

Kabla ya kugusa puli tulianza na oili. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo plagi ya sampu ikilegezwa polepole, kinachotangulia kutoka ndicho kinachosimulia hali ya ndani. Tuliizungusha uzi kwa uzi hadi ikaanza kudondosha. Yalitoka matone machache ya maji, kiasi cha kifuniko cha chupa, kisha oili nyeusi isiyo na weupe wa maziwa. Maji kidogo hivyo ni ya mvuke na unyevu wa miaka. Gasketi ya hedi iliyopasuka au bloku yenye ufa ingetoa kikombe na zaidi. Sumaku niliyoizamisha kwenye beseni ilirudi na unga laini kama wa penseli na bila vipande vyenye makali.

Kisha krenki. Fundi wangu alishika mpini, akaupeleka mbele na nyuma kwa mwendo mdogo, kila mara akiongeza upana wa kidole, bila kuuegemea, na kila ulipogoma aliurudisha na kungoja mchanganyiko uingie. Kazi hiyo inachosha kuitazama kuliko kuifanya. Karibu na adhuhuri kulisikika mkwaruzo mrefu, mkavu, kutoka silinda ya pili, na krenki ikapita pale ilipokuwa ikigomea. Tulisukuma nje mchanganyiko uliobaki juu ya pistoni, tukarudisha nozeli, tukazungusha mizunguko miwili kamili, kwa kuwa injini ya viharusi vinne inahitaji mizunguko miwili ili kila silinda ifikie zamu yake ya kugandamiza hewa, na kwa mpangilio wa 1-2-3 tukahesabu migandamizo kwa mkono: imara, dhaifu, imara. Dhaifu ilikuwa ya pili, kama tulivyotarajia.

Mzee hakuwa na pingamizi sampu ishushwe, na hapo ndipo ubao wangu wa gasketi ulipofanya kazi yake. Tuliuweka chini ya uso wa bloku, nikapitisha boliti kwa mkono katika kila tundu kutoka mbele hadi nyuma. Zote ziliingia zikiwa zimenyooka. Karatasi ya mgongo itasubiri kutenganishwa kwa trekta.

Tukiwa chini hapo tulitingisha konrodi moja moja kusikia mchezo wa beringi, tukasukuma krenki mbele na nyuma kwa bisibisi pana kupima mwendo wake wa kwenda na kurudi, na fundi akapitisha ukucha sehemu ya chini ya slivu ya kwanza, mahali ringi zinapogeukia. Ukucha ulikwama kwenye ukingo. Slivu imelika, haina mjadala. Nilichunguza pia sehemu ya nyuma ya krenki, kwa sababu injini za mwanzo za ukoo huu zinazibwa kwa kamba iliyotiwa grafaiti na za baadaye kwa sili ya mdomo wa mpira, na hausingi ya sili lazima iandamane na krenki yake. Anayechanganya vya injini mbili atavuja oili kwenye klachi.

Mapatano yetu yaliandikwa kwenye karatasi, na sharti nililolisisitiza kuliko jingine lilikuwa kwamba bloku ikikutwa na ufa katika kipimo cha shinikizo, itarudi nami nitarudishiwa fedha, ukitolewa usafiri. Ufa wa ndani, kati ya njia ya maji na njia ya oili, hauonekani kwa tochi, na muuzaji mwaminifu anaweza kuuza bloku yenye ufa bila kujua. Mzee alisoma mara mbili, akatia sahihi.

Jumamosi

Kutenganisha 135 kulichukua siku nzima, na kazi kubwa ilikuwa kuzuia kuliko kufungua. Ekseli ya mbele ya trekta hizi inaning'inia kwenye pini moja ya katikati ili magurudumu yafuate ardhi, kwa hiyo boliti za hausingi zikishatoka, nusu ya mbele iko tayari kulala ubavu bila onyo. Tulipigilia kabari za mbao ngumu kati ya ekseli na kitako chake, pande zote mbili, kabla ya spana kugusa boliti yoyote ya nyuma. Chini ya hausingi ya klachi tuliweka stendi mbili, chini ya sampu jeki yenye magurudumu, na juu chenibloku ikashika injini kwa mnyororo uliokazwa kiasi tu cha kubeba.

Boneti, tangi, nyaya, mabomba na vyuma vya usukani vilitoka bila hadithi. Pengo la kwanza kati ya bloku na hausingi lilipofunguka, fundi alilipima kwa vipande vya bati juu, chini na kando, na akakataa tusivute tena mpaka liwe sawa pande zote. Injini ikining'inia kwenye shafti ya giaboksi, hata kwa dakika moja, inaweza kupinda sahani ya klachi au kuharibu meno ya shafti. Jeki ilipanda kidogo sana, pengo likalingana, na nusu ya mbele ikateleza kwa mkono mmoja.

Niliweka karatasi ngumu kwenye mgongo wa bloku baada ya kutoa klachi, flaiwili na bamba. Matundu yaliingiliana yote, pamoja na yale mawili ya pini za kulenga, ambayo hayana msamaha kama ya boliti. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Injini ilipanda trela ikiwa imekaa kwenye kitanda cha mbao kilichokatwa kufuata umbo la sampu, imefungwa kwa mikanda minne inayovuta chini kwa pembe, mlango wa hewa na matundu ya nozeli yakiwa yamezibwa. Mzee alitaka nichukue pia rejeta na boneti. Boneti ya 135 haina nafasi kwenye 35, lakini rejeta niliichukua.

Jumatatu: karakana ya mashine

Jana tulisafiri tu. Leo bloku ilivuliwa kila kitu, ikaoshwa katika maji ya moto yenye dawa, kisha uso wake wa juu ukafunikwa kwa bamba zito lenye mpira, njia zote za maji zikazibwa, ikajazwa hewa ya shinikizo na kuzamishwa. Tulisimama kando ya tangi tukitafuta mapovu. Yalitoka sehemu moja, kwenye plagi ya bati iliyolika ubavuni, ambayo ni kipuri cha kubadilishwa tu. Chuma chenyewe kilishika.

Krenki ilipimwa ufa kwa unga wa sumaku na haikuonyesha mstari wowote. Shingo zake zina mikwaruzo myepesi ambayo itaondoka kwa kuchongwa saizi ya kwanza, milimita 0.25, na beringi za saizi hiyo bado zinatengenezwa. Slivu zote tatu zitang'olewa, ikiwemo ile ya tatu iliyoonekana nzuri kwa macho, kwa sababu kuweka slivu mpya mbili na ya zamani moja ni kuunda injini yenye nguvu zisizolingana. Katika bloku ya zamani vimechukuliwa vifuniko vya pembeni, vishikizo na stadi za hedi zilizo nzima. Vifuniko vya beringi kuu vimeachwa, kwa kuwa huchongwa vikiwa vimefungwa kwenye bloku yao na havihamishwi kwenda nyingine.

Fundi wa karakana aliuliza kama nataka namba ya mwaka 1961 igongwe juu ya ile ya 1974, kwani wapo wanaoomba hivyo ili trekta ionekane haijaguswa. Nilikataa. Namba hiyo itabaki ilivyo, na katika daftari la trekta nimeandika namba zote mbili, chanzo cha injini mpya na sababu ya kubadilisha, na kipande cha bloku ya zamani chenye namba yake kitakatwa na kutunzwa pamoja na daftari. Watakaoitazama trekta hii baadaye wana haki ya kujua kwamba injini yake ina umri wa miaka 13 chini ya mwili wake.

Flaiwili yangu na klachi nimeviacha karakanani ili vipimwe mizani pamoja na krenki ikishachongwa, na pampu ya dizeli ya 35 imekwenda kwa fundi wa pampu kuwekewa sili mpya. Ya 135 nimeipaka oili, nikaifunga kwenye mfuko na kuiweka rafuni, kwa kuwa mzee amesema akipata hausingi ya ekseli na injini nyingine atairudia.